Beni na Butembo 2018: Kura Zilizosubirishwa Hadi Rais Akaapa

Jumatano tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku nne Wakongo wapige kura, Tume Huru ya Kitaifa ya Uchaguzi, CENI, ilitoa tangazo jijini Kinshasa. Wapiga kura wa mji wa Beni, wa mji wa Butembo na wa wilaya ya Beni katika Kivu Kaskazini, pamoja na wale wa Yumbi katika jimbo la Mai-Ndombe, hawatapiga kura Jumapili ya tarehe 30 na wenzao. Watapiga Machi 2019. Sababu zilizotajwa kwa Beni na Butembo ni Ebola na mashambulizi ya waasi. Kwa Yumbi, ni mauaji ya kikabila yaliyotokea siku chache tu kabla, kati ya tarehe 16 na 18 Desemba, ambayo kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa yaliua watu wasiopungua 535.

Hadi hapo mtu angeweza kusema ni tahadhari. Lakini ratiba iliyotolewa pamoja na uamuzi huo ilisema pia kwamba matokeo kamili ya urais yatatangazwa tarehe 15 Januari, na rais mpya ataapishwa tarehe 18 Januari. Watu 1,256,177 walioandikishwa waliambiwa wasubiri Machi, na kiti walichokuwa wakikingoja kilikuwa kimeshapangiwa mwenyewe Januari. Katika historia ya chaguzi duniani yapo matokeo mengi ya ajabu, lakini ni mara chache tume ya uchaguzi kuahirisha kura ya urais mahali fulani hadi tarehe ambayo rais atakuwa ameshaanza kazi.

Ili kuelewa kwa nini tangazo lile liliwachoma watu wa Beni na Butembo, ni lazima turudi nyuma kidogo.

Eneo hili ni nchi ya Wanande, watu wanaosifika Kongo nzima kwa kilimo na biashara. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wenyeji wake ndio walioujenga kwa fedha zao, wakileta bidhaa kutoka Dubai na China kupitia Kenya na Uganda na kuziingiza kwa mpaka wa Kasindi. Beni iko kaskazini yake, katika barabara ya kwenda Ituri. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, Beni ilikuwa makao ya RCD-K/ML, kundi la Mbusa Nyamwisi, mpaka nchi ilipounganishwa tena 2003.

Mwaka 2006, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, Kivu Kaskazini ilimpa Joseph Kabila zaidi ya asilimia 90 ya kura katika duru ya pili. Watu wa mashariki walimchagua kwa sababu walitaka amani, naye aliwaahidi amani. Amani hiyo haikufika Beni. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya kutisha yalianza katika vijiji na vitongoji vya Beni, watu wakikatwa kwa mapanga na mashoka usiku, na lawama nyingi zikiwaangukia waasi wa ADF wenye asili ya Uganda. Miaka ikapita, makaburi yakaongezeka, na imani kwa serikali ikaisha. Muhula wa Kabila ulipokoma Desemba 2016 bila uchaguzi kufanyika, Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa miji iliyopiga kelele zaidi. Uchaguzi wa 2018, kwa watu hawa, ulikuwa siku ya kutoa hukumu yao juu ya miaka ile ya damu.

Kisha Ebola ikaja. Tarehe 1 Agosti 2018 wizara ya afya ilitangaza mlipuko uliojitokeza Mangina, mji mdogo usio mbali na Beni. Ugonjwa ukaingia Beni, ukashuka hadi Butembo. Kufikia mwishoni mwa Desemba walikuwa wamehesabiwa wagonjwa karibu 600, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamefariki. Hakuna anayeweza kusema kwamba hofu ya CENI ilikuwa ya kubuni. Virusi vilikuwepo, na mashine za kupigia kura, ambazo watu wangezigusa kwa kidole mmoja baada ya mwingine, zilihitaji uangalifu.

Hata hivyo wakazi walijiuliza maswali ambayo hayakujibiwa vizuri. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalijaa kila Jumapili. Watoto walikuwa wamekwenda shule muhula mzima. Mikutano ya kampeni ilifanyika na wagombea walipokewa na umati. Ndoo za maji ya dawa zilikuwa zimewekwa kila mlango wa ofisi, kanisa na hospitali, na watu walikuwa wamezoea kunawa na kupimwa joto kabla ya kuingia popote. Kama mtu anaweza kunawa mikono akaingia kanisani, kwa nini asinawe akaingia kwenye chumba cha kura? Na kama hatari ilikuwa kubwa kiasi hicho, mbona haikuonekana Septemba wala Novemba, ikaonekana siku nne kabla?

Kulikuwa na sababu nyingine ya shaka. Mwezi Novemba wapinzani walikuwa wamekutana Geneva na kumteua Martin Fayulu kuwa mgombea wao mmoja. Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe waliweka saini tarehe 11, kesho yake wakaiondoa, kisha wakaungana wenyewe kwa wenyewe jijini Nairobi. Waliobaki na Fayulu ni pamoja na Moïse Katumbi, Jean-Pierre Bemba na Mbusa Nyamwisi, mtoto wa nyumbani. Kila mtu alijua Beni na Butembo zinaelekea wapi. Kuwaondoa wapiga kura wa huko ilikuwa, kwa macho ya wenyeji, ni kumpunguzia mgombea mmoja ngome yake.

Tarehe 27 Desemba vijana waliingia barabarani Beni. Walichoma matairi, wakaelekea ofisi za CENI, na polisi na wanajeshi wakawatawanya kwa risasi na mabomu ya machozi. Baadhi yao walivamia kituo cha kuwachunguza wanaoshukiwa kuwa na Ebola, wakaharibu mahema na samani, na wagonjwa zaidi ya 20 wakakimbia. Kitendo kile kiliwahatarisha watu wasio na hatia, na hakipaswi kusifiwa. Lakini sababu yake iko wazi: ugonjwa ulipotumiwa kuwanyima watu kura, waliokuwa wakipambana na ugonjwa walionekana kuwa upande wa walionyima.

Jumapili ya tarehe 30 ndiyo siku ambayo Beni iliandika ukurasa wake katika historia hii. Wanaharakati na wakazi wa kawaida waliamua kupiga kura bila CENI. Katika uwanja wa Kalinda watu walipanga foleni tangu asubuhi, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Kabla ya kupiga kura kila mtu alinawa mikono, ili dunia ione kwamba sharti la afya linawezekana kutimizwa. Mashine hazikuwepo, zikatumika karatasi. Vijana walijipa kazi ya kusimamia vituo, kupokea karatasi na kuhesabu. Kila aliyetia karatasi yake alijua kwamba haitahesabiwa Kinshasa. Alikwenda hata hivyo, akiwa na kadi yake ya mpiga kura mkononi.

Kadi hiyo inastahili maneno machache. Kwa miaka mingi Kongo haikutoa kitambulisho cha taifa, na kadi ya mpiga kura ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Ndiyo mtu anayoonyesha kwenye vizuizi vya barabarani, benki, kwenye laini ya simu, mpakani Kasindi. Katika eneo la vita, asiye nayo anaweza kutiliwa shaka na askari yeyote. Kwa hiyo watu wa Beni na Butembo waliendelea kutumia kila siku kadi iliyowatambulisha kuwa wapiga kura wa Jamhuri, isipokuwa siku ile moja ambayo kadi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019, mwenyekiti wa CENI, Corneille Nangaa, alitangaza matokeo ya muda. Tshisekedi kura 7,051,013, sawa na asilimia 38.57. Fayulu kura 6,366,732, asilimia 34.83. Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea wa Kabila, wa tatu kwa asilimia 23.84. Waliojitokeza kupiga kura nchi nzima walikuwa asilimia 47.56 ya walioandikishwa.

Hapa msomaji achukue kalamu. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni kura 684,281. Walioambiwa wasubiri Machi ni 1,256,177. Idadi ya waliofungiwa nje inakaribia mara mbili ya tofauti iliyompa mtu urais.

Haki inatudai tuendelee na hesabu hadi mwisho. Kama watu wa Beni, Butembo na Yumbi wangejitokeza kwa kiwango kilekile cha nchi nzima, wangepiga kura kama 597,000, na hata zote zingemwendea Fayulu, asingemfikia Tshisekedi. Ili pengo lizibwe ingehitajika zaidi ya asilimia 54 ya walioandikishwa wajitokeze, na wote wamchague mtu mmoja. Huenda isingetokea. Lakini hilo ni jambo la kujulikana kwa kuhesabu kura, halipaswi kukisiwa na yeyote, awe tume, mahakama au mwandishi.

Na kulikuwa na doa kubwa zaidi. Kanisa Katoliki, kupitia baraza la maaskofu CENCO, lilikuwa limetuma waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima, nalo lilisema matokeo ya CENI hayalingani na takwimu zake. Tarehe 15 Januari gazeti la Financial Times lilichapisha uchambuzi wa takwimu zilizovuja, zilizoonyesha kwamba Fayulu alishinda kwa karibu asilimia 59. Tarehe 17 Umoja wa Afrika ulisema una mashaka makubwa na ukaomba kutangazwa kwa matokeo ya mwisho kusitishwe. Usiku wa kuamkia tarehe 20, Mahakama ya Katiba iliyatupa malalamiko ya Fayulu na kumthibitisha Tshisekedi. Aliapishwa tarehe 24 Januari.

Haya yote yaliwezekana pia kwa sababu ya kifungu kimoja. Katiba ya 2006 ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo kufanyike duru ya pili. Januari 2011 kifungu cha 71 kilibadilishwa, na tangu hapo anayepata kura nyingi kuliko wengine anashinda papo hapo, hata kama zaidi ya asilimia 60 hawakumtaka. Chini ya kanuni ya zamani, wawili wa juu wangerudi kwa wananchi, na Beni na Butembo zingepata muda wa kuingia katika duru ya pili. Na ajabu haikuishia hapo. Muungano wa Kabila, ambao mgombea wake alishika nafasi ya tatu, ulitoka katika uchaguzi uleule na viti zaidi ya 300 kati ya 500 vya bunge.

Wapo wanaosema mambo kama haya ni ya nchi changa. Historia inawakatalia. Marekani, rais hachaguliwi moja kwa moja na wananchi bali na wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni nchi nzima, akashindwa kwa sababu ya kura 537 za jimbo la Florida. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, naye akashindwa. Hata suala la maeneo kutopiga kura si geni huko. Katika uchaguzi wa kwanza kabisa, wa mwaka 1789, jimbo la New York halikutoa wajumbe kwa sababu bunge lake lilishindwa kuelewana. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, majimbo ya kusini yaliyojitenga hayakuhesabiwa. Tennessee na Louisiana, ambako kura zilipigwa, zilikataliwa na Kongresi. Lincoln alikuwa na wajumbe 212 dhidi ya 21, kwa hiyo kukataliwa huko hakukubadilisha kitu. Na hadi leo raia wa Marekani zaidi ya milioni tatu wanaoishi Puerto Rico hawampigii rais kura.

Karibu na kwetu, Zanzibar inakumbuka Julai 1963, chama cha ASP kilipopata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na vyama vya ZNP na ZPPP vikaunda serikali. Mapinduzi yaliyofuata Januari 1964 yanajulikana na kila msomaji wa Kiswahili. Kenya nayo ilikuwa na jambo linalofanana zaidi na la Beni. Katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, majimbo ya uchaguzi 25 ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hayakupiga kura kwa sababu ya mgomo na ghasia. Tume ya IEBC ilimtangaza Uhuru Kenyatta bila wao. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inaruhusu hivyo pale ambapo kura zilizobaki haziwezi kubadilisha matokeo, na Kenyatta alikuwa na karibu asilimia 98 ya kura zilizopigwa.

Kipimo hicho cha Kenya kina kasoro zake, na watu wa maeneo hayo wana haki ya kukilalamikia. Lakini angalau ni kipimo, kimeandikwa, na mtu anaweza kukipeleka mahakamani. Kanuni ya Marekani nayo ni ya ajabu, lakini kila mgombea anaijua kabla hajaanza kampeni. Beni na Butembo hazikupewa kipimo chochote. Kanuni yao ilizaliwa siku nne kabla ya kura, na kama ingepimwa kwa kipimo cha Kenya, kura 684,281 dhidi ya wapiga kura 1,256,177, isingepita.

Jumapili ya tarehe 31 Machi 2019 CENI ilirudi kuwapigisha watu kura za wabunge wa taifa na wa jimbo. Ebola ilikuwa bado ipo, tena imezidi. Sababu iliyozuia kura Desemba haikuizuia Machi, na hilo peke yake linatosha kuwa jibu kwa hoja ya Desemba. Mlipuko uliendelea hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018, kabla ya uamuzi wa CENI, ulikuwa umeshaonyesha kwamba zaidi ya robo ya watu waliohojiwa hawakuamini kama Ebola ipo. Kuahirishwa kwa kura kuliwapa wenye shaka hoja mpya, kwamba ugonjwa ni biashara ya siasa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Mashambulizi hayo yalikuwa na sababu nyingi, na si haki kuyabebesha tangazo moja. Lakini tiba ya mlipuko huanza na mtu kuamini anachoambiwa na mamlaka, na mamlaka ilikuwa imeitumia Ebola kama sababu ya kufunga vituo vya kura huku ikiacha masoko wazi.

Hata wabunge wa jimbo la Kivu Kaskazini waliochaguliwa Machi hawakudumu. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa, mamlaka ikaenda kwa wanajeshi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulipofika, Beni na Butembo zilipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru, katika jimbo hilohilo, hazikupiga kwa sababu ya vita vya waasi wa M23. Mwezi huohuo Corneille Nangaa, aliyekuwa ameongoza CENI mwaka 2018, alizindua Nairobi muungano wa AFC ulioshirikiana na M23. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi hao waliuteka mji wa Goma, na serikali ikahamishia makao ya jimbo Beni. Mji ulioonekana hauwezi kuendesha vituo vya kura ndio uliopewa kuendesha kilichobaki cha utawala wa jimbo.

Ubaya wa tangazo lile la 26 Desemba haupimwi kwa kuuliza kama lilimbadilisha mshindi. Anayepima hivyo anakubali kwamba kura ya mtu wa Butembo ina thamani pale tu inapoweza kugeuza matokeo. Raia hupiga kura kwa sababu ni raia, si kwa sababu kura yake ndiyo itakayoamua. Watu wa uwanja wa Kalinda walilijua hilo, ndiyo maana walisimama kwenye foleni ya kura ambayo haikuhesabiwa.

Vita na magonjwa havijaondoka Kongo, na upo uwezekano kwamba katika uchaguzi ujao pia kutakuwa na eneo lisiloweza kupiga kura kwa siku iliyopangwa. Basi sheria ya uchaguzi iseme sasa, kabla majina ya wagombea hayajajulikana: nani ana mamlaka ya kuahirisha, kwa ushahidi gani, siku ngapi kabla, na kwamba hakuna rais atakayetangazwa mpaka waliosubirishwa wapige kura, isipokuwa hesabu ionyeshe wazi, mbele ya mahakama, kwamba wote kwa pamoja hawawezi kubadilisha matokeo. Na iirudishe duru ya pili. Wabunge wa Beni na Butembo, wa Masisi na Rutshuru, na wa Yumbi wanatoka maeneo ambayo tayari yameonja kufungiwa nje. Wao ndio wa kwanza wanaopaswa kuipeleka hoja hiyo bungeni, na wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza kwa nini bado haijafika.